Bima wamegoma kunilipa, wanasema dagaa wangu wana "vice". Hii vice ni nini hasa?

#1 Mchuuzi wa Mwaloni
Wakuu, salaam. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Nafanya biashara ya dagaa, napakia hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Lubumbashi, Kongo. Mwezi wa nne nilipakia gari la dagaa wakavu, na mzigo ulikuwa na bima ya safari. Kufika kule, kufunua turubai, harufu! Viroba vya katikati vimechemka, dagaa wameota ukungu. Mteja akachagua vya pembeni, vilivyobaki akanigomea. Nikadai bima. Wakaleta mtathmini, akapiga picha, akanusanusa, akaondoka.

Juzi nimepata barua ya Kiingereza. Salamu nyingi, shukrani nyingi, ila jibu ni sentensi moja: hasara imetokana na "inherent vice" ya mzigo, kwa hiyo hawalipi.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, akaleta kamusi. Vice: tabia mbaya, uovu, ufuska. Chini yake: makamu. Chini yake tena: kifaa cha fundi cha kubania vyuma. Sasa ndugu zangu, dagaa ana ufuska gani? Au wamekuwa makamu wa sangara? Neno moja linabebaje mambo matatu yasiyojuana? Na la muhimu, nalipwa au silipwi?

#2 Kijana wa Malimbe
Mkuu, umesema mwenyewe dagaa walikuwa kwenye viroba. Serikali ilipiga marufuku viroba tangu Machi 2017. Huo ni ulevi, bima wako sahihi.

#3 Mchuuzi wa Mwaloni
Viroba vya kubebea mzigo, bwana mdogo! Mimi nalia huku, wewe unaleta utani.

#4 Fundi wa Nyakato
Mbona rahisi. Mama wa maana zote ni vaisi ya gereji. Ukishaweka chuma kwenye vaisi ukakaza, hakitoki. Tabia mbaya ndiyo hivyo hivyo: bangi, kamari, michepuko, ukishaingia inakaza. Mzungu aliona vaisi kwanza, akaipa tabia mbaya jina hilo.

#5 Ng'wana Magu
Na makamu anambana nani, fundi?

#6 Fundi wa Nyakato
Anabana kiti wakati mwenye kiti hayupo.

#7 Ng'wana Magu
Hahaha. Nimekaa pale na karanga zangu, endeleeni.

#8 Mwalimu wa Pasiansi
Mwangaluka wote. Fundi, jibu lako limechekesha lakini si kweli. Hakuna mama mmoja hapa. Ni maneno matatu ya ukoo tofauti yaliyokutana njiani yakavaa shati moja.

Tabia mbaya inatokana na Kilatini *vitium*, maana yake kasoro, dosari, ubovu wa kitu. Makamu inatoka *vicis*, ambayo ni zamu au nafasi. Waroma waliposema *vice* ya fulani walimaanisha "mahali pa fulani". Ya gereji inatoka *vitis*, mzabibu. Naam, mzabibu. Aliyewahi kufika mashamba ya zabibu Dodoma ameona vikonyo vinavyojisokota kwenye waya. Kwa msokoto huo Wafaransa wakaita skrubu *vis*, na mpaka leo Mfaransa akisema *vis* anamaanisha skrubu. Vaisi yako, fundi, inakazwa na skrubu. Basi.

Yote matatu yalipitia Ufaransa. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilimeza Kifaransa kwa mafungu, na maneno haya yakaishia kutamkwa na kuandikwa sawa.

Msiwacheke Waingereza. Sisi tuna *paa*. Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, na mama zetu pale Mwaloni wanapaa samaki, yaani wanaondoa magamba. Kuna anayedhani paa wa porini ni ndugu wa bati?

#9 Binti wa Ukara
Shikamoo Mwalimu. Kwa hiyo hii tunaita homonimu, siyo vitawe? Nilifundishwa vitawe ni neno moja lenye maana nyingi.

#10 Mwalimu wa Pasiansi
Marahaba mwanangu. Vitabu vyetu vya shule vimeweka vyote kapu moja, ndiyo maana mnachanganyikiwa. Mguu wa mtu na mguu wa meza, hilo ni neno moja limetanuka. Paa na paa ni wageni waliopewa chumba kimoja. *Vice* ya makamu na *vice* ya ufuska ni kama hao wa pili.

#11 Kijana wa Malimbe
Mwalimu, nina shaka hapo kwa makamu. Huku vyuoni vice-chancellor ni makamu mkuu wa chuo, lakini ndiye bosi wa kila siku. Anasaini, anafukuza, anapanga bajeti. Mkuu wa chuo mwenyewe tunamwona kwenye mahafali amevaa joho. Kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkuu wa chuo ni Mzee Kikwete, sasa nani atasema anakaa ofisini kuhesabu ada? Hii ya "mahali pa fulani" inakuwaje wakati fulani mwenyewe hana kazi pale?

#12 Mwalimu wa Pasiansi
Ndiyo hivyo hivyo. Mwenye cheo hayupo, kwa hiyo aliye mahali pake anafanya yote. Utaratibu wa Waingereza huo.

#13 Sheikh Mtulivu
Assalaam alaykum. Niongeze hapo hapo. *Makamu* tumeitoa kwenye Kiarabu, *maqam*, mahali pa kusimama. Na *kaimu* ni wa mzizi huo huo. Waarabu na Waturuki walikuwa na cheo cha *qaim maqam*, anayesimama mahali pa mwingine. Kwa hiyo Mroma na Mwarabu walifikiri jambo moja bila kuulizana. *Naibu* nayo ni ya Kiarabu, ila huyo ni wa mzizi mwingine.

#14 Spana Kumi na Tatu
Sheikh, wa alaykum salaam. Tofauti ya kaimu, naibu na makamu ni nini basi? Maana kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa tuna wote watatu na hela haionekani.

#15 Sheikh Mtulivu
Hapo kuna *vice* ya Mwalimu, ile ya kwanza.

#16 Ng'wana Magu
😂😂 Sheikh kaua.

#17 Mzee wa Igoma
Mkizungumza makamu msisahau historia. Makamu wa kwanza wa Rais nchi hii alikuwa Mzee Kawawa.

#18 Kijana wa Malimbe
Hapana mzee wangu, kwa heshima. Baada ya Muungano 1964, Mzee Karume ndiye Makamu wa Kwanza wa Rais, Kawawa alikuwa Makamu wa Pili. Mambo ya mgombea mwenza yalianza uchaguzi wa 1995, akaingia Dk. Omar Ali Juma. Zanzibar nao wana wawili, wa Kwanza na wa Pili, tangu 2010.

#19 Mzee wa Igoma
Kawawa nimemwona kwa macho yangu akihutubia, wewe ulikuwa wapi?

#20 Kijana wa Malimbe
Sikuwepo mzee. Lakini Karume alikuwa wa Kwanza.

#21 Mzee wa Igoma
Sawa. Ila mjue makamu si pambo. Machi 2021 tulipofiwa na Magufuli, hakukuwa na uchaguzi. Katiba Ibara ya 37 ilishasema, makamu akaapishwa tarehe 19, wala nchi haikukaa wiki bila rais. Huku Kanda ya Ziwa tulikuwa bado tunajipanga kwenda Chato kuzika.

#22 Mchuuzi wa Mwaloni
Wazee wangu, tumefika Ikulu, dagaa wangu bado wako Lubumbashi wanaota ukungu. Naomba turudi.

#23 Katekista wa Kawekamo
Tumsifu Yesu Kristu. Mchuuzi, mimi nadhani jibu lako liko kanisani.

Sisi Wakatoliki tuna neno la *vice* siku nyingi: *kilema*. Kuna fadhila na kuna vilema. Dhambi ni tendo, kilema ni mazoea yanayobaki baada ya kurudia tendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1865, inasema kurudia dhambi kunazaa kilema. Namba inayofuata inataja vile saba: majivuno, ubahili, wivu, hasira, uzinzi, ulafi na uvivu. Mababu wetu wa katekesi walitukaririsha kama "vichwa vya dhambi".

Sasa angalieni Mwalimu amesema nini: *vitium* ni kasoro. Kilema ni kasoro. Wamisionari na wakatekista wa zamani waliotafsiri walijua Kilatini, hawakubahatisha. Kwa hiyo barua yako inasema dagaa wana kilema cha asili. Siyo ufuska.

#24 Binti wa Ukara
Katekista, milele amina, ila hilo neno mimi halinipendezi. Kaka yangu anatembelea magongo tangu utotoni. Tumehangaika miaka watu waache kumwita kilema waseme mtu mwenye ulemavu. Sasa kanisani kilema ni ulafi na uzinzi? Mtoto akisikia asubuhi Misani "tuepuke vilema", jioni anamwona kaka yangu, atafikiri nini?

#25 Katekista wa Kawekamo
Dada, nimekuelewa. Lakini maana haikuanzia kwa mtu mwenye magongo ikaenda kwenye dhambi ili kumtukana. Wazo ni kwamba roho nayo inaweza kulemaa.

#26 Binti wa Ukara
Roho ilemae kwa neno lingine. Wapo waliosema "uovu", "tabia mbaya", "mazoea mabaya". Kwa nini hili?

#27 Sheikh Mtulivu
Uovu ni mpana mno dada. Kuua ni uovu, lakini mtu aliyeua mara moja kwa hasira huwezi kusema ana mazoea.

#28 Ng'wana Magu
Na "tabia mbaya" ni ndogo mno. Kwetu tabia mbaya ni kula ukiwa umesimama.

#29 Fundi wa Nyakato
Turudi kwenye vaisi, mmeniacha. Mwalimu, VETA walitufundisha kwamba kwa Kiswahili ni *jiliwa*. Nimekaa gereji ujana wangu wote, sijasikia mtu akisema "niletee jiliwa". Ukisema hivyo saidia anakuletea sufuria.

#30 Mwalimu wa Pasiansi
Jiliwa limo kwenye kamusi na ni neno zuri. Kosa si la neno, ni lenu.

#31 Spana Kumi na Tatu
Mwalimu njoo huku Nyakato uuze jiliwa, tuone kama utapata mteja. Huku ni vaisi, grenda, praizi, spana, jeki. Na kuna vaisgripu, ile praizi inayojifunga yenyewe.

Nilikuwa najiuliza kwa nini kwenye ile imeandikwa kwa S, Vise-Grip. Kumbe aliyeibuni ni mhunzi William Petersen, Mdenmaki aliyehamia Marekani, kijiji cha DeWitt jimbo la Nebraska, ile ya kujifunga akaipatia hataza 1924. Wamarekani vaisi wanaiandika *vise*, tabia mbaya wanaiacha na C. Waingereza zote wanaandika C. Kwa hiyo Mmarekani alishaona huu mkanganyiko akautatua kwa herufi moja.

#32 Fundi wa Nyakato
Basi bima wangekuwa Wamarekani mchuuzi asingeteseka.

#33 Spana Kumi na Tatu
Angeteseka vile vile. Ya dagaa ni ya C.

#34 Mwanasheria wa Kona
Habari zenu. Nimesoma uzi mzima nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, imebidi nijiunge. Mchuuzi, wanaokwambia ufuska wanakutania, na Katekista amekaribia kuliko wote, ila acha nikueleze inavyosimama kisheria, kwa sababu barua yako haikuandikwa na mtu wa dini.

Hiyo "inherent vice" ni msemo wa zamani wa bima za baharini. Umo kwenye sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya mwaka 1906, kifungu cha 55, na umo kwenye masharti ya mizigo ya London ambayo bima nyingi duniani huyanakili, hata kwa mzigo wa barabarani. Maana yake: mzigo kuharibika kwa maumbile yake wenyewe, katika safari ya kawaida, bila ajali au jambo la nje kuingilia. Jaji Diplock wa Uingereza aliieleza hivyo mwaka 1983 kwenye kesi ya maharage ya soya yaliyochemka yenyewe melini yakitokea Indonesia. Nyanya kuoza ni maumbile. Pamba iliyofungwa na unyevu ikapata joto, vile vile. Unga wa samaki ndio usiseme. Kimataifa umo kwenye orodha ya mizigo ya hatari kwa sababu unaweza kujiwasha wenyewe.

Kwa hiyo bima anasema: dagaa wako walipakiwa hawajakauka vizuri, wakachemka wenyewe. Hakuna aliyewadhuru.

Lakini hajamaliza kazi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mtambo wa kuchimba mafuta, Cendor MOPU, uliovutwa kutoka Texas kwenda Malaysia. Njiani, upande wa Afrika Kusini, miguu yake mitatu ikakatika ikazama. Bima wakasema ni vice yake, miguu ilikuwa dhaifu. Mahakama ikasema hapana, mawimbi yalichangia, lipeni. Ukionyesha kitu cha nje kilichosababisha, mlango wa vice unafungwa.

Swali langu: mvua iliwakuta wapi?

#35 Mchuuzi wa Mwaloni
Mwanasheria Mungu akubariki. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Dereva anasema walinyeshewa vibaya kati ya Singida na Manyoni, na turubai lilikuwa limechanika kwenye kona. Halafu Tunduma walikaa foleni siku nyingi.

#36 Mwanasheria wa Kona
Hayo ya foleni ya Tunduma yatakuponza. Masharti yale yale ya London yanatoa nje hasara inayosababishwa na ucheleweshaji, hata kama ucheleweshaji wenyewe umetokana na jambo lenye bima. Wakisikia foleni wataacha vice wakamate hiyo.

#37 Sheikh Mtulivu
Mwanasheria, unamwambia afiche?

#38 Mwanasheria wa Kona
Namwambia asitangulize kwenye hoja. Wakimuuliza ajibu ukweli. Mihuri ya mpakani ipo, hakuna cha kuficha hapo.

#39 Binti wa Ukara
Mimi nimezaliwa kwenye dagaa, niseme yangu hata kama mchuuzi atakasirika. Msimu wa mvua wavuvi wanavua, jua hakuna. Dagaa wanaanikwa mchangani na kwenye mawe, mvua ikija wanakusanywa haraka haraka. Juu wamekauka, tumboni bado. Anayeanika kwenye vichanja ana nafuu, upepo unapita chini, lakini wangapi wana vichanja? Mnunuzi anakuja usiku, anashika kiganja kimoja cha juu, anasema sawa, pakia. Huwezi kujua cha ndani ya kiroba kikoje.

Kaka yangu huyo huyo ndiye anayepima. Anavunja dagaa mmoja mmoja kutoka katikati ya kiroba, asikie mlio. Asiposikia mlio anarudisha.

#40 Mchuuzi wa Mwaloni
Dada, dagaa wangu walilia.

#41 Ng'wana Magu
Walilia au walisikitika?

#42 Dereva wa Masafa
Wakuu hamjambo. Mimi ni dereva wa malori, njia hiyo naijua. Mchuuzi, tafuta risiti za mizani. Gari likitoka hapa linapimwa Usagara. Singida linapimwa Njuki, Dodoma linapimwa Nala, mpaka Mpemba pale karibu na Tunduma. Gari likiwa njiani linapungua uzito kwa sababu mafuta yanaungua. Kama kati ya Njuki na Nala uzito umepanda badala ya kushuka, hayo ni maji ya mvua yameingia kwenye mzigo. Dagaa mkavu anakunywa maji vibaya sana.

#43 Mwanasheria wa Kona
Dereva, hiyo ni nondo. Sijawahi kuifikiria.

#44 Spana Kumi na Tatu
Hapo hapo dereva, taratibu. Kama wamejaza tanki Singida baada ya Njuki? Uzito unapanda bila tone la mvua. Na wewe unajua, kuna madereva wanabeba mkaa, kuku, na shemeji njiani.

#45 Dereva wa Masafa
Shemeji hafiki uzito huo. Risiti ya mafuta nayo ipo, utatoa kwenye hesabu.

#46 Ng'wana Magu
Sasa hiyo ya kubeba shemeji ndiyo *vice* ya kamusi ya binti.

#47 Mzee wa Igoma
Mimi bado sijaelewa kwa nini Kiingereza kiseme kitu kisicho na akili kina tabia mbaya. Dagaa hana nia. Ng'ombe sawa, ng'ombe ana nia. Nilikuwa na maksai mmoja, kila ukimfunga jembe analala chini. Umpige, umbembeleze, hainuki. Akifunguliwa anasimama anakula nyasi. Huyo nakubali ana uovu.

#48 Mwalimu wa Pasiansi
Mzee mwenzangu, hapo umegusa pazuri. Waingereza walitumia *vice* kwa wanyama pia. Zamani farasi akiuzwa, muuzaji alidhamini kwamba ni mzima na hana *vice*, maana yake hapigi mateke, hang'ati, hana mazoea ya kutafuna boriti za zizi. Mpaka leo mazoea ya farasi kama hayo yanaitwa hivyo. Na lile neno *vicious*, tunaloona kwa mbwa mkali, ni mtoto wa *vitium* pia.

Kwa hiyo si kwamba walianza na dhambi wakaipeleka kwa dagaa. Kasoro ndiyo mwanzo. Kasoro ya kitu, kasoro ya mnyama, kasoro ya mtu. Ya mtu ndiyo iliyopata sifa mbaya ikawafunika wengine.

#49 Katekista wa Kawekamo
Mwalimu, siwezi kukubali yote. Hata kabla ya Ukristo, wanafalsafa walitumia wazo hilo kwa tabia ya mtu. Aristotle alisema fadhila iko katikati ya vilema viwili: ushujaa uko kati ya woga na ujasiri wa kijinga. Maadili hayakuja kwa bahati juu ya neno la bidhaa mbovu.

#50 Mwalimu wa Pasiansi
Aristotle alikuwa Mgiriki. Hakusema *vitium*.

#51 Katekista wa Kawekamo
Waliomfasiri kwa Kilatini walisema.

#52 Kijana wa Malimbe
Mimi naona mnabishana kitu ambacho polisi wa Marekani walishamaliza. Wana kitengo kinaitwa vice, kazi yake kamari, madanguro, dawa za kulevya. Hawashughuliki na uvivu wala wivu. Kwa hiyo kwa Mmarekani wa kawaida vice si vile saba vya Katekista, ni mambo ya usiku tu.

#53 Spana Kumi na Tatu
Wangekuwa na kitengo cha uvivu, nusu ya gereji yetu ingekuwa ndani.

#54 Fundi wa Nyakato
Jisemee.

#55 Binti wa Ukara
Na *vice versa* je? Hiyo ni ya nani kati ya wale watatu wa Mwalimu? Naisikia kila siku redioni.

#56 Mwalimu wa Pasiansi
Ya makamu. Nafasi zimegeuzwa, wa huku kaenda kule. Kwetu tunasema kinyume chake, au *na kadhalika kwa upande wa pili*, inategemea. Padri anayemsaidia askofu kuongoza jimbo, makamu wa askofu, Kilatini ni *vicarius*, ukoo huo huo.

#57 Fundi wa Nyakato
Kwa hiyo Katekista ana *vice* mbili kanisani, moja inaongoza jimbo na nyingine inaungamwa.

#58 Katekista wa Kawekamo
Fundi, nitakuombea.

#59 Mchuuzi wa Mwaloni
Wakuu, nimempigia dereva wangu. Risiti ya Usagara anayo, ya Njuki anayo, ya Mpemba anayo. Ya Nala anasema labda iko kwenye gari, na gari liko Kahama linatengenezwa. Mwanasheria, nikiipata naanzia wapi? Na hiyo vice kwenye barua ya kujibu niiiteje kwa Kiswahili? Maana nataka niwajibu kwa Kiswahili, wapate tabu na wao.

#60 Mwanasheria wa Kona
Anza na kampuni yenyewe, waandikie kwamba hukubali sababu na uombe nakala ya ripoti ya mtathmini. Wakikukazia, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Mahakamani ni mwisho kabisa, gharama zitakula dagaa wa mwakani.

Neno, mimi ningeandika "kasoro ya asili ya mzigo".

#61 Katekista wa Kawekamo
Kilema cha asili.

#62 Binti wa Ukara
Hapana!! "Ubovu wa asili".

#63 Sheikh Mtulivu
Ubovu maana yake tayari umeoza. Hapa wanasema kitu kizima chenye mwelekeo wa kuoza. "Hitilafu ya maumbile."

#64 Binti wa Ukara
Sheikh, hitilafu ni ya umeme.

#65 Mzee wa Igoma
Andika "udhaifu wake mwenyewe". Hata karani ataelewa.

#66 Mwanasheria wa Kona
Vyovyote utakavyoita, kwenye mabano uweke maneno yao ya Kiingereza, wasije wakasema umejibu jambo jingine.

#67 Dereva wa Masafa
Mchuuzi, gari liko gereji ipi Kahama? Napita kesho kutwa nikienda Isaka, naweza kuchungulia hiyo risiti. Madereva wengi wanazichomeka kwenye kivuli cha jua juu ya kioo, au zinaanguka nyuma ya kiti.

#68 Mchuuzi wa Mwaloni
Nakutumia PM sasa hivi. Ahsante sana.

#69 Kijana wa Malimbe
Fundi, tukiwa hapo, vaisi ya inchi sita mitumba inauzwaje huko Nyakato? Mzee nyumbani anataka ya kufunga kwenye benchi.

#70 Fundi wa Nyakato
Njoo uione kwanza. Iko moja ya chuma cha zamani, meno bado yanauma, skrubu imekatika kidogo ncha ila inakaza.

#71 Ng'wana Magu
Skrubu imekatika? Muulize kama ina kasoro ya asili.

#72 Fundi wa Nyakato
Ya nje. Ilidondoshwa na Spana.

#73 Spana Kumi na Tatu
Ilikuwa imekatika kabla sijaigusa, na mashahidi wapo.